Kopi Moja Ibaki Kwako

Watu wanaoingia dukani kwangu huja na hasira kwanza, pesa baadaye. Nina kibanda cha kutaipu na kutoa kopi kando ya barabara iendayo Lunga Lunga: kompyuta mbili, printa inayokohoa kila asubuhi kama mzee wa sigara, mashine ya fotokopi ya mtumba, na benchi la mbao ambalo limenipa habari nyingi kuliko redio. Watoto wa mtaa huniita Bi Kopi. Nataipu barua za kuomba kazi, barua za posa, mikataba ya kuuziana mbuzi na mashamba, malalamiko kwa chifu. Na kwa miaka kadhaa sasa nataipu barua za aina nyingine, za raia kuidai serikali karatasi zake.

Ya kwanza niliiharibu mwenyewe.

Alikuja mzee mmoja kutoka huko ndani, mwendo wa saa moja kwa bodaboda, viatu vimeshika vumbi jekundu. Kijijini kwao kulichimbwa kisima cha pampu, tangi likawekwa juu ya mnara wa chuma, mabomba yakavutwa hadi kwenye mifereji minne karibu na shule. Wakubwa walikuja kukizindua, pilau ikaliwa. Maji yalitoka wiki sita. Kisha pampu ikanyamaza, na wanawake wakarudi bwawani wanakochota pamoja na ng'ombe. Ubao wa mradi ulibaki umesimama, una jina la mradi na kiasi cha pesa, na mbuzi hujikuna hapo.

"Bi Kopi," aliniambia, "niandikie barua kali. Waulize ni nani aliyekula pesa zetu."

Nikaandika. Mola anisamehe, nilifurahia kuiandika. Kurasa mbili nzima, ndani nimetia haki, dhuluma na machozi ya wajane. Nilipomsomea aliguna kwa kuridhika, akaweka dole gumba. Ofisini, binti wa mapokezi akaipokea kwa adabu, akamwambia, "Iache hapo, baba, utapigiwa simu." Akaiacha. Baada ya mwezi na nusu alirudi kuulizia. "Barua gani?" Mkononi hakuwa na kitu. Mimi nilikuwa nayo kwenye kompyuta, lakini maandishi yaliyo kwenye kompyuta yangu hayaonyeshi kwamba barua ilivuka kizingiti cha ofisi ya mtu.

Na hata kama ingefika mezani kwa mkubwa, angeijibu vipi? Hakuna faili lenye ukurasa ulioandikwa "aliyekula pesa ni fulani".

Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa akijitolea kama msaidizi wa kisheria, ndiye aliyeniletea Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Nilikuwa nimeisikia ikitajwa redioni na kuipita kama tangazo la sabuni. Niliisoma siku tatu, kamusi pajani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu binafsi kama anazihitaji ili kuitumia au kuilinda haki yake nyingine. Kifungu hicho kilikaa miaka sita bila sheria ya kukionyesha njia. Sheria yenyewe, Namba 31 ya 2016, ilitiwa saini tarehe 31 Agosti mwaka huo na kuanza kutumika tarehe 21 Septemba.

Tuwe waadilifu kidogo kwa makarani. Wengi wao walilelewa na sheria nyingine kabisa, ile ya Siri Rasmi, Sura ya 187, ya mwaka 1968. Kwa karibu nusu karne karani aliyefundishwa kazi vizuri alikuwa yule anayejua kufunga kabati. Leo unamwambia alifungue, tena kwa barua ya mzee asiyejua kusoma. Nina shemeji yangu aliyestaafu masjala. Anasema siku ya kwanza alipoambiwa raia ana haki ya kuona faili, alidhani ni mtihani wa kumpima uaminifu.

Tukakaa chini na mzee kuandika upya. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sasa namwambia kila anayekalia lile benchi: omba karatasi, usiombe maelezo. Sheria inaposema habari, inazungumzia kumbukumbu zilizopo, ziwe za karatasi, za kompyuta, ramani au picha. Kwa hiyo ukiuliza "kwa nini", umempa karani nafasi ya kutunga insha. Ukiomba "nakala ya mkataba", mkataba ama upo ama haupo, na akikwambia haupo, hilo nalo ni jibu zito.

Ilibidi nimuulize fundi wa ujenzi, jirani yangu wa upande wa pili wa barabara, mradi kama ule huacha karatasi gani nyuma yake. Akanihesabia huku anakunywa kahawa: mkataba wa kontrakta, orodha ya kazi na bei zake, ile mafundi huiita BQ, ripoti ya kupima kisima kinatoa maji kiasi gani kwa saa, cheti cha kukamilika kwa kazi, hati za malipo, na kumbukumbu za makabidhiano. Karatasi sita. Barua ya pili haikufika hata ukurasa mmoja. Jina la mzee, namba ya kitambulisho, namba ya simu ya mwanawe, jina la mradi kama lilivyo ubaoni, mwaka wa fedha, kisha zile karatasi sita moja baada ya nyingine. Mwishoni: "Naomba habari hizi kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016." Machozi ya wajane niliyaacha nje. Mzee hakuifurahia hata kidogo. "Haina ukali," alisema.

Niliitaipu kwa Kiswahili, na nasisitiza hili kwa sababu kila wiki mtu hunilipa zaidi nimfanyie Kiingereza akidhani ndicho kinachosikilizwa. Sheria inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo. Hapo ni wajibu wa afisa kuyaandika maneno yake na kumpa nakala. Kwa maneno mengine, yule mzee hakuwa na lazima ya kunilipa mimi. Nilimwambia, akacheka, akasema afadhali anilipe mimi kuliko kumfundisha karani kuandika.

Ofisi nyingine zina fomu yao ya kuombea habari. Kama ipo, ijaze, haina madhara. Lakini wakikwambia barua yako haipokelewi kwa kuwa si fomu, waambie kwa upole kwamba sheria imekataza ombi kukataliwa kwa sababu hiyo pekee. Kwa upole, nasema. Nimewaona watu wawili wakiipoteza haki yao kwa kupiga meza.

Safari ile nilifunga duka nikaenda naye. Tulibeba nakala tatu: ya ofisi, ya mzee, na ya akiba. Binti ni yule yule. "Iacheni hapo." Nikamwambia, "Mwanangu, tutaiacha, lakini tugongee muhuri kwenye hii yetu." Muhuri ukawa uko masjala, wa masjala akawa amekwenda kunywa chai, chai ikawa ndefu. Tulikaa kwenye benchi lao, jembamba kuliko langu, hadi saa sita kasoro. Alipokuja aligonga, akatia tarehe na saini, na mzee akaikunja kopi yake kama noti ya elfu.

Kabla hatujatoka, bwana mmoja mwenye tai aliisoma barua juu juu akamuuliza, "Mzee, karatasi hizi unazitakia nini?"

Kifungu cha 4 cha sheria kinajibu swali hilo: haki ya raia haiathiriwi na sababu anayoitoa, wala na sababu ambayo afisa anaihisi moyoni. Huna haja ya kujieleza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsomee hicho kifungu, mzee akaniwahi. "Mke wangu ndiye anayetaka kujua," akasema. Bwana mwenye tai akatabasamu, mambo yakaisha. Mke wa mzee alifariki zamani, lakini hilo nililijua tukiwa kwenye matatu.

Tarehe ile ya muhuri ndiyo inayowasha saa. Tangu siku ofisi inapopokea ombi, ina siku 21 za kutoa uamuzi. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, tuseme ndugu yako amekamatwa na hujui alipo, hawana siku 21, wana saa 48. Wakiwa na rundo kubwa la karatasi za kupekua, au inawabidi kushauriana na ofisi nyingine, wanaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, na wakwambie. Kama habari haiko kwao bali iko ofisi nyingine ya umma, hawaruhusiwi kukurusha kama mpira wa vitambaa. Wanaweza kulihamisha ombi lenyewe ndani ya siku tano na kukujulisha, na hesabu ya siku 21 inaendelea tangu siku ulipoomba mara ya kwanza. Mkuu wa kila taasisi ya umma ndiye afisa wa habari kwa mujibu wa sheria, ingawa anaweza kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa "afisa wa habari hatuna", barua yako mwandikie mkurugenzi, au katibu, au yeyote aliye juu kabisa.

Kuhusu pesa: kuwasilisha ombi ni bure. Mtu akikuomba "ya kufungulia faili", huyo anaomba kitu kingine. Unachoweza kulipishwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kukufikishia, na ukishalipa, wana siku mbili za kazi kukupa ulicholipia. Wasiotaka gharama hata hiyo wanaweza kuomba kuiona karatasi pale pale inapowekwa. Naongea dhidi ya biashara yangu hapa, lakini sheria inaruhusu, na kijana mwenye simu ya kamera na ruhusa ya kupiga picha hanihitaji.

Basi tukahesabu. Nina kalenda ya duka la mbolea ukutani. Nikaizungushia siku ya 21 kalamu nyekundu. Siku ya kumi mzee alipita akaitazama. Siku ya kumi na tano pia. Siku ya 21 ilifika, ikapita, simu ya mwanawe haikulia.

Wengi huishia hapo. Wanasema "wamenyamaza", kama mtu anayesema mvua haikunyesha. Lakini sheria imekipa kimya jina. Muda ukipita bila jibu, ombi linahesabiwa kuwa limekataliwa. Nilipokisoma kipengele hicho mara ya kwanza nilikasirika, nikaona wamewatunzia maafisa njia ya kukataa bila hata kutia saini. Baadaye nikaelewa faida yake. Bila kipengele hicho ungengoja hadi kiama, huku ofisi ikisema bado tunashughulikia. Kwa hicho, siku ya 22 una uamuzi mkononi, na uamuzi unaweza kuulalamikia.

Malalamiko hayo hupelekwa kwenye Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu wengi huiita Ombudsman. Una siku 30 za kuwaandikia, ingawa tume yenyewe inaweza kukuongezea ukiwa na sababu. Hakuna haja ya wakili. Sisi tulivuka kivuko cha Likoni asubuhi moja, ikiwa ni mara ya pili ya mzee kufika Mombasa mwaka ule, tukawapelekea karatasi tatu tu: maelezo ya nusu ukurasa, kopi ya ombi yenye muhuri, na kopi ya kitambulisho. Bibi aliyetupokea aliuangalia muhuri kwanza, barua baadaye. "Wengi huja bila huu," alisema.

Tume ina meno kiasi. Inaweza kuita watu na nyaraka, kusikiliza pande zote na kuamuru habari itolewe. Asiyeridhika na amri yake ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na amri isiyotiiwa inaweza kusajiliwa mahakamani itekelezwe kama hukumu. Kwa barua nyingi zilizopita mikononi mwangu hayo yote hayakuhitajika. Barua ya tume ikifika, faili huonekana. La mzee wangu lilionekana ndani ya wiki chache, kumbe lilikuwa kabati lile lile.

Sasa nieleze zile karatasi zilisema nini, maana hapa ndipo hadithi iliponichoma.

Hazikumtaja mwizi. Kisima kilichimbwa kwa kina kilichoandikwa, pampu ilinunuliwa, tangi lilikuwa la ukubwa ule ule. Fundi jirani yangu alizipitia bei akakunja uso kwenye mbili tatu, kisha akasema kwa pwani hii ni za kawaida. Lakini ndani ya mkataba palikuwa na kipengele cha kurekebisha kasoro: kwa miezi sita baada ya makabidhiano, kitu chochote kikiharibika kwa ubovu wa kazi au wa kifaa, kontrakta anarudi kukitengeneza kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake inazuiliwa hadi muda huo uishe. Pampu ilikufa wiki ya sita. Katika faili zima hapakuwa na barua hata moja, ya mtu yeyote, inayosema kwamba pampu imekufa. Miezi sita ikaisha kwa amani, kontrakta akalipwa pesa zake zilizobaki, hati ikatiwa saini.

Nilihesabu kwa kalenda ile ile ya mbolea. Ile barua yangu kali, ya machozi, isiyo na muhuri, iliachwa mapokezi wakati miezi mitatu ilikuwa bado imebaki. Ingekuwa fupi, ingesema tu kwamba pampu haifanyi kazi na tunaomba nakala ya mkataba, na ingegongwa muhuri, ofisi ingekuwa imejulishwa kwa maandishi huku pesa za kontrakta zikiwa bado zimezuiliwa. Mzee hakunilaumu. Alisema tu, "Kumbe ilikuwa haihitaji ukali."

Nimeandika nyingine nyingi tangu hapo, na zimenifundisha kwamba si kila mlango utafunguliwa. Kifungu cha 6 kimeorodhesha habari zinazoweza kuzuiliwa: za usalama wa taifa, zinazohatarisha maisha ya mtu, zinazoingilia faragha bila sababu, siri za kibiashara, mambo ambayo uamuzi wake bado haujafikiwa, na kadhalika. Orodha ni ndefu, na afisa mvivu atachagua humo jina lolote. Lakini mara nyingine ana haki. Mama mmoja alitaka majina yote ya wanafunzi waliopewa basari katika wadi yake, na yatima wanaolipiwa karo, akaambiwa ni faragha ya watoto. Alikuja akiwaka moto. Nikamuuliza, "Dada, unayataka majina ya nini?" Akasema anataka kujua kama basari zimekwenda kwa watoto wa jamaa za wakubwa. Tukaandika upya: idadi ya walionufaika kwa kila shule, kiasi cha kila mmoja bila jina, vigezo vilivyotumika kuchagua, na kumbukumbu za kikao cha kamati kilichopitisha. Alipewa. Ikabainika shule mbili zilichukua zaidi ya nusu, na hilo likamtosha kusimama barazani.

Wapo pia wanaodhani sheria hii ni ya kupambana na serikali peke yake. Kampuni binafsi inayotumia pesa za umma au kufanya kazi ya umma nayo imo, na pia iliyo na habari muhimu kuhusu mazingira au afya ya watu. Kijiji kinachokaa karibu na machimbo kina njia hapo.

Kwa wakubwa zaidi yetu njia ni hiyo hiyo, ila vumbi lake ndilo huwa kubwa. Mwaka 2017 shirika la Katiba Institute liliomba kujua serikali ilitumia kiasi gani kwa matangazo ya kujisifia miradi yake kabla ya uchaguzi. Halikupata jibu. Novemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamuru habari hizo zitolewe. Na sisi wa Pwani hatujasahau reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi katikati ya mwaka ule ule, kwa mkopo wa China ambao mikataba yake hakuna mwananchi aliyeiona. Wanaharakati walianza kwa barua, kama mzee wangu. Serikali ikasema kuna vipengele vya usiri. Wakaenda mahakamani, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaweka hadharani sehemu yake. Sehemu tu, narudia. Lakini kabla ya hapo watu walikuwa wakibishana vijiweni juu ya riba ya mkopo ambao hawajauona hata ukurasa.

Wateja wangu wengine wana ndugu ng'ambo ya Horohoro, na huniuliza kama barua yangu itafanya kazi Tanga. Haitafanya, kila nchi ina yake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka ule ule wa 2016, ikiwa Namba 6. Ni kwa raia, inahusu Tanzania Bara, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Uganda ilitutangulia sote mwaka 2005. Kwa hiyo ukiwa upande ule, badilisha jina la sheria na uongeze siku za kungoja. Muhuri udai vile vile.

Nimeulizwa na vijana kama haifai kutuma kwa baruapepe. Inafaa, na ina uzuri wake, maana tarehe hujiandika yenyewe. Chapisha ile uliyotuma, na jibu lolote la "tumepokea" usilifute. Lakini kwa ofisi ndogo ambazo baruapepe yake husomwa na mtu mmoja aliye likizo, bado napendekeza miguu.

Kisima cha mzee hakijatoa maji. Karatasi zile hazikupotea bure, hata hivyo. Alizibeba kwenye mkutano wa wananchi wa kujadili bajeti, akasomewa na mjukuu wake mbele ya watu kifungu cha mkataba, tarehe ya makabidhiano na tarehe ya malipo ya mwisho, na kwa kuwa yalikuwa maandishi ya ofisi yenyewe hakuna aliyeweza kumwita mchochezi. Ukarabati wa pampu ukaingizwa kwenye bajeti ya mwaka uliofuata. Mwaka huo umeanza. Kijijini hajaonekana fundi.

Kwa hiyo Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja tena, akakalia benchi, hakutaja ukali. Mistari minane imetosha: nakala ya zabuni ya ukarabati, nakala ya mkataba kama umetiwa saini, na tarehe ya kuanza kazi. Safari hii alikwenda peke yake, na muhuri aliuomba mwenyewe. Kopi yake iko kwangu, ndani ya bahasha ya kaki, droo ya pili. Leo ni siku ya tisa.